Wikiendi za Ulaya kwa mwanafunzi wa euro 992

Swali

Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu Muheza, Tanga. Nasoma shahada ya uzamili hapa Leipzig na huu ni muhula wangu wa pili. Wenzangu darasani, wengi Wahispania na Waitaliano, kila Ijumaa wako na mabegi: leo Prague, wiki ijayo Paris, wiki nyingine Barcelona. Nami natamani, kwani sijui kama nitakanyaga tena Ulaya nikishamaliza. Naishi kwa hela za akaunti ya dhamana, ile ya masharti ya viza, euro 992 kwa mwezi, na Jumamosi nafanya kazi mgahawani. Tiketi ya Ujerumani, ile ya mwezi ya treni za mikoa, ninayo. Kadi yangu ya ukaazi inaisha Oktoba. Je, kila nchi inataka viza yake? Hela hizi zinatosha kutembea au nijikaze nisome tu? Halafu kuna mama. Huwa nachangia ada ya mdogo wangu, sasa akisikia niko Paris sijui atanifikiriaje.

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole na baridi. Muhula wa kwanza umeuvuka, na huo ndio unaowarudisha wengi nyumbani, kwa hiyo hongera. Nina miaka kumi na moja kwenye dawati la kushauri wanafunzi wa kigeni, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi mwenyewe, na begi la mgongoni lililoharibika zipu. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu umeuliza mambo manne kwa pamoja, na la viza ndilo jepesi kuliko yote.

Tulimalize hilo kwanza. Kadi yako ya ukaazi ikiwa hai, ukaibeba pamoja na pasipoti, unaingia nchi zote za Schengen, yaani zile zilizokubaliana kufunguliana mipaka, bila kuomba viza nyingine, mradi huko nje ya Ujerumani usizidishe siku 90 katika kila siku 180. Kwa mtu wa wikiendi, siku 90 hazimaliziki. Nchi hizo sasa ni 29. Croatia iliingia mwaka 2023, na Bulgaria na Romania zikafungua mipaka yao ya nchi kavu tarehe 1 Januari 2025. Uswisi, Norwei na Iceland zimo, ingawa haziko Umoja wa Ulaya. Ule mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole mipakani ulioanza Oktoba 2025 ni wa wageni wa muda mfupi, wewe mwenye kadi haukuhusu.

Mtego uko Ireland na Uingereza. Ireland iko Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, na Uingereza haimo kokote. Kwa nchi hizo mbili kadi yako ya Ujerumani haikupi ruhusa ya kuingia, unaomba viza kama vile ungeomba ukiwa Muheza. Kijana mmoja alinunua tiketi ya Dublin kwa bei ya kutupwa, akafika uwanja wa ndege na begi lake, akageuzwa pale pale. Alikuja ofisini kwangu Jumatatu akiuliza, "Kwani Ireland si Ulaya, dada?" Nikamwambia ni Ulaya, ila si ile uliyopewa.

Sasa, kadi inaisha Oktoba. Hilo linanitisha kuliko bajeti yako. Miadi ya Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni, hupatikana kwa shida, katika miji mingine unasubiri miezi. Ombi la kuongeza muda lazima lifike kabla kadi haijafa, nami nakushauri ulitume Julai, hata kama utaambiwa ni mapema. Wakichelewa watakupa ile karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Karatasi hiyo ina visanduku vya kuwekwa alama, na kisanduku kilichowekwa alama ndicho kinachoamua kama unaweza kutoka Ujerumani na kurudi. Usikisome kwa kubahatisha wala kwa ushauri wa kundi la WhatsApp. Waandikie ofisi hiyo barua pepe, uulize kama karatasi yako inakuruhusu kuvuka mpaka na kurejea, na jibu lao ulihifadhi. Mpaka ulipate, tembea ndani. Ujerumani ina majimbo 16 na wewe pengine bado hujalimaliza hilo moja la Sachsen.

Jambo jingine kuhusu Oktoba: wanapoongeza muda wa kadi, wanaweza kutaka kuona unavyoendelea na masomo. Vyuo vingi hapa hukupa nafasi tatu za kufanya mtihani wa somo moja, na ukianguka ya tatu unafutwa kwenye kozi. Nimewahi kukaa na mwanafunzi aliyekuwa na ramani ukutani yenye pini kumi na nne, nchi kumi na nne kwa mwaka mmoja, na masomo mawili yaliyokuwa yamebakiza jaribio la mwisho. Alikuwa na akili kuliko mimi. Alichokosa ni Jumapili ya kupumzika na kupitia daftari, basi. Hili la kuhesabu nchi ni ugonjwa, na dalili yake ya kwanza ni mtu kukuambia "nimefanya Vienna" kama anayesema nimefua nguo.

Nije kwenye hela, hapa tukae kidogo. Chukua 992 yako. Chumba cha hosteli ya chuo tuseme 320. Bima ya afya ya mwanafunzi karibu 150. Tiketi ya Ujerumani ni 63 tangu Januari 2026, isipokuwa kama chuo chako kina ile ya muhula ambayo ni asilimia 60 ya bei hiyo. Chakula 220 kwa anayepika mwenyewe. Simu, sehemu yako ya ada ya redio, na akiba ya mchango wa muhula, weka 60. Imebaki kama 180, na hapo sijagusa ada ya mdogo wako wala koti la baridi. Mshahara wa mgahawani ndio unaokutoa. Kwa hiyo hesabu ya safari usiianzie kwenye nauli, ianzie kwenye zamu.

Nifafanue. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Zamu ya saa nane Jumamosi ni kama euro 111. Ukienda Prague Ijumaa jioni na kurudi Jumapili: basi kwenda na kurudi tuseme 35, kitanda cha hosteli usiku mbili 45, kula na kuzungukazunguka 40. Jumla 120, unasema si mbaya. Lakini zamu umeikosa. Safari yako ni ya 231. Wale Wahispania darasani hiyo 111 hawailipi, kwa sababu wengi wao Jumamosi hawana pa kwenda kazini, na wana ruzuku ya Erasmus, ule mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, juu ya hela ya wazazi. Mnapanda basi moja lakini nauli zenu si sawa. Ndiyo maana nakwambia usiwafuate kwa kasi yao, hata wakikuita mchoyo.

Unachoweza kufanya ni kubadilishana zamu badala ya kuiacha. Mwambie msimamizi mapema, wiki tatu kabla, kwamba Jumamosi fulani utafanya Alhamisi jioni badala yake. Wanaopanga ratiba za migahawa huchukia mtu anayepiga simu asubuhi ya siku yenyewe, ila mwenye taarifa ya wiki tatu hupewa. Na ukumbuke una ukomo wa siku 140 nzima au 280 nusu za kazi kwa mwaka, kwa hiyo usifidie kila safari kwa kujirundikia zamu bila kuhesabu. Kwa hali yako mimi ningepanga hivi: safari moja ya kulala nje kila baada ya miezi miwili, na katikati yake safari za siku moja, za Jumapili, kwa tiketi ambayo tayari umeilipia.

Hiyo tiketi ya 63 watu wanaidharau. Inakupandisha treni zote za mikoa nchi nzima, yaani RE, RB na S-Bahn, pamoja na mabasi na tramu za miji. Haikupandishi treni za masafa marefu, yaani ICE, IC wala EC, na ukikutwa humo bila tiketi yao faini huanzia euro 60. Ni treni za polepole, zinasimama hata penye mnazi mmoja, kama kungekuwa na minazi. Lakini mwanafunzi mwenye kitabu, chupa ya chai na chapati mbili zilizofungwa kwenye foili ana haraka gani?

Nianze na Berlin, ingawa wewe unawaza Paris. Kutoka Leipzig kwa treni za mikoa ni karibu saa tatu, unabadili njiani. Usianzie langoni Brandenburg walikojaa wapiga picha. Nenda makumbusho ya elimu ya viumbe, Museum für Naturkunde, iko Invalidenstraße, haifunguliwi Jumatatu. Ukiingia ukumbi mkubwa utakutana na mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, mwenye urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Huyo ni wa Lindi. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913. Vibarua wa huko, mamia kwa mamia, walifukua na kubeba vipande vichwani hadi bandarini Lindi, siku kadhaa za mguu. Miaka yote niliyosoma Tanzania hakuna aliyenionyesha hata picha yake. Nilisimama pale nikiwa na miaka 26 na tonge la hasira kooni, na watoto wa shule wa Kijerumani wanapita wakipiga kelele za furaha. Sikushauri uchukie. Nakushauri uende ukamwangalie kwa macho yako, maana wewe una haki naye kuliko mtalii mwingine yeyote.

Ukitoka hapo panda treni ya chini ya ardhi hadi Hermannplatz. Jirani na kituo kuna mtaa unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu wa Moshi. Hadi Aprili 2021 uliitwa kwa jina la Wissmann, yule kamanda wa Kijerumani aliyeivunja vita ya pwani, ambaye chini ya uongozi wake Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Pangani, majirani zenu! Nilimpeleka pale mwanafunzi wa kutoka Tanga, akakaa chini ya kibao cha mtaa akampigia babu yake simu ya video. Safari nzima, pamoja na tiketi ya makumbusho ya bei ya mwanafunzi, haikumfikisha euro 20.

Ya pili ni Görlitz, na hii naipenda kwa sababu unafika nchi nyingine kwa miguu. Unapitia Dresden, jumla kama saa tatu na nusu hivi, bado kwa tiketi ile ile. Mto Neisse ulifanywa mpaka mwaka 1945 na mji ukakatika vipande viwili: upande wa magharibi Görlitz, upande wa mashariki Zgorzelec ya Poland. Daraja la mji mkongwe lililipuliwa mwaka huo huo wa 1945 na halikujengwa tena hadi 2004. Leo ni la waenda kwa miguu. Unavuka, unakaa mgahawa wa upande wa pili, unaagiza pierogi, vile vitu vinavyofanana na sambusa iliyochemshwa, unakula ukishiba kwa bei ambayo Leipzig usingepata. Usidanganyike na udogo wa daraja lakini: Poland nayo ilirejesha ukaguzi kwenye mpaka huu Julai 2025, na pasipoti lazima uwe nayo hata kwa mita mia za kutembea.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo vipeperushi vya chuo havilisemi. Schengen kwa maandishi haina ukaguzi wa ndani. Kwa vitendo Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu 16 Septemba 2024, na treni ya kutoka Prague ikishavuka, polisi hupita behewani. Behewa lina watu sitini. Atakayeombwa karatasi mara nyingi ni wewe, na pengine Msyria aliyekaa nyuma yako. Inauma kila mara, nami bado inaniuma. Mwaka wangu wa kwanza niliacha pasipoti chumbani nikihofia kuibiwa, nikawa na picha yake tu kwenye simu. Nilishushwa kituo kimoja kidogo cha mpakani, nikakaa saa mbili wakithibitisha mimi ni nani, treni ya mwisho ikaniacha, nikalala nimekaa kwenye benchi. Kosa lilikuwa langu. Beba pasipoti halisi na kadi halisi, kwenye kipochi cha shingoni ndani ya sweta, na nakala uziache kwenye barua pepe yako kwa siku ya kupotea. Ukiombwa, toa kwa utulivu. Una haki ya kuuliza kwa adabu kwa nini umechaguliwa. Ukitaka kulalamika, andika saa, namba ya treni na kituo, ukalalamike Jumatatu kwa maandishi. Ubishi wa jukwaani kati ya mtu mmoja na polisi wanne haujawahi kumpa mtu haki yake.

Na bima. Geuza kadi yako ya bima ya umma, nyuma yake kuna kadi ya Ulaya. Inakutibu ukiumwa ghafla katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya. Lakini wewe si raia wa Umoja huo, na kwa watu kama sisi haifanyi kazi Denmark, Uswisi, Norwei, Iceland wala Liechtenstein. Wengi hawalijui hili mpaka wavunjike mguu Zürich. Ukienda huko, kata bima ya safari ya siku chache, ni euro kidogo tu.

Prague sasa, maana najua utakwenda. Basi la moja kwa moja ni rahisi. Lakini angalau mara moja jaribu njia ya mtoni: Leipzig hadi Dresden, S-Bahn hadi Bad Schandau, kisha kitreni cha U28 kinachofuata bonde la Elbe hadi Děčín. Tiketi yako inakufikisha mpakani, ukivuka unakata ya upande wa Cheki, ambayo si ghali, na kutoka Děčín hadi Prague ni kama saa moja na nusu. Bonde lile lina magenge ya mawe ya mchanga yaliyosimama kama minara, na mto chini yake. Wajerumani wanauita Elbe, Wacheki Labe. Kaa dirisha la upande wa maji. Ukifika mjini, tumia kadi popote inapowezekana, na mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa koruna, hela ya Cheki, chagua koruna, kwa sababu ukichagua euro wanakubadilishia kwa bei yao. Maduka ya kubadilishia fedha ya mitaa ya watalii yapite kama hukuyaona. Tiketi ya karatasi ya tramu unaigonga kwenye kisanduku cha njano. Tiketi isiyogongwa kwa mkaguzi ni sawa na kutokuwa nayo, na wakaguzi huvaa nguo za kiraia.

Paris iache ilipo kwa sasa. Wenzako watakuonyesha ndege ya euro 15 hadi kile kiwanja kinachoitwa Paris Beauvais. Kiko kilomita 85 kutoka Paris, unalipia basi kwenda na basi kurudi. Begi likizidi kipimo chao, unachotozwa mlangoni kinaweza kuipita nauli. Halafu mashirika kadhaa ya bei nafuu yanamtaka abiria asiye raia wa Umoja wa Ulaya apitie dawatini nyaraka zake zikaguliwe kabla ya kwenda mlangoni, na foleni ya dawatini haikungojei. Jumlisha na treni ya kwenda uwanja wa ndege wa Berlin. Katika saa 48 za wikiendi, kumi na nane zimeliwa na foleni na mabasi. Ila ndege ikichelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, kwa safari isiyozidi kilomita 1,500 unadai euro 250, hata kama tiketi yako ilikuwa ya 15. Dai mwenyewe kwenye tovuti ya shirika. Kampuni za kukudaia zinakata fungu nono.

Nenda Paris mapumziko ya Machi kati ya mihula, siku nne au tano, na nenda kabla hujatimiza miaka 26. Sababu ni hii: mkaazi wa Umoja wa Ulaya mwenye umri chini ya miaka 26 anaingia Louvre bure, na Versailles vile vile. Siyo raia, mkaazi. Ile kadi unayoionea aibu ikiombwa kwenye treni, hapo mlangoni ndiyo tiketi yako. Weka nafasi ya saa mtandaoni ingawa hulipi, na kumbuka Louvre hufungwa Jumanne, Versailles Jumatatu. Kama Machi ni mbali, angalia kalenda ya Sachsen. Alhamisi ya Kupaa mwezi Mei, ukiongeza Ijumaa, inakupa siku nne. Tarehe 31 Oktoba ni sikukuu, na Jumatano moja ya Novemba iitwayo Buß- und Bettag ni mapumziko hapa Sachsen peke yake. Siku hiyo majimbo mengine wako kazini, na vitanda vya hosteli hushuka bei.

Kabla sijasahau, mtego wa saa. Basi la usiku likiandikwa Jumamosi 00:20, hiyo ni saa sita na dakika ishirini, usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa jioni uwe stendi. Mimi mwenye elimu yangu nilifika stendi Jumamosi usiku na mto wa shingoni, basi langu lilikuwa limeondoka saa ishirini na nne kabla. Na usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasogezwa mbele kwa saa moja, ya Oktoba zinarudishwa nyuma. Kwetu hatuna mambo hayo, ndiyo maana yanatukamata.

Limebaki la mama. Nimesikia katika maneno yako kwamba unaogopa zaidi picha kuliko safari. Ni kweli, picha ya mnara wa Eiffel kwenye status inazaa maombi ya mikopo kutoka kwa watu usiowakumbuka, na binamu mmoja atamwambia mama yako, "Mwanao kumbe ana hela hivyo!" Lakini dawa ya hilo siyo kutembea kwa siri. Anza na ada. Panga kiasi kimoja kisichobadilika, hata kama ni kidogo, na kitume tarehe ile ile kila mwezi kabla hujagusa hela ya matembezi. Mama akishaona miezi mitatu mfululizo kinaingia bila kuulizwa, mwambie mwenyewe, kabla ya status, na mtajie bei kwa shilingi. Mwambie treni nimeshailipia mwezi mzima, nimebeba chapati, chakula cha huko elfu kadhaa. Mama zetu wanajua hesabu kuliko tunavyowadhania. Kinachowaumiza ni kusikia habari za mtoto wao kwa jirani. Status yako unaweza kuichagulia watu wa kuiona, na hilo nalo si dhambi.

Kwa hiyo nenda Görlitz kwanza, Jumapili isiyo na zamu, treni ya alfajiri. Toa noti ndogo za zloti, hela ya Poland, kwenye mashine ya benki, soksi uvae mbili, na ratiba ya treni ya mwisho ya kurudi ipige picha kabla hujatoka kituoni. Ukifika katikati ya daraja simu italia kukukaribisha Poland. Data yako inafanya kazi kule kama hapa, hulipi zaidi, kwa hiyo mpigie mama kwa video. Saa sita mchana yako, Muheza itakuwa saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa kiangazi, ameshatoka shambani. Mwonyeshe mto, kisha umwonyeshe nyumba za kila upande na umuulize abahatishe ipi ni Ujerumani.